Mpenzi wa mbwa umeletewa paka: dalili, chanzo na la kufanya

Nilikulia Marangu, katika nyumba ambayo haijawahi kukosa mbwa. Nilijua mbwa anavyosema kwa masikio, kwa mkia na kwa jinsi anavyosimama getini akisikia hatua za mtu. Kisha nikaoa Pangani, kwa watu wasiofuga mbwa, ila paka kwao hupita kutoka barazani mpaka jikoni bila kuulizwa. Tulipohamia Tanga mjini mke wangu akaja na kipaka wa rangi ya majivu, jina lake Chausiku. Mimi nilikuwa na Popi, mbwa koko wa miaka sita.

Miezi minne ya kwanza nilimwona Chausiku ana kiburi, hana shukrani, tena mkali. Nilikuwa namsoma kama mbwa. Karibu kila nilichokiita tabia mbaya kilikuwa ujumbe ulio wazi kabisa, ila kwa lugha nisiyoijua.

Nimeyapanga haya kwa malalamiko, jinsi nilivyolalamika mimi na jinsi ninavyowasikia wenzangu wa mbwa wakilalamika. Tafuta lako. Lakini kwanza shika jambo moja, kwa kuwa matatizo mengi yanatokea hapo. Mbwa wa kufugwa ametokana na mbwa mwitu wa Ulaya na Asia (si hawa wetu wenye mabaka), mnyama anayewinda kwa kundi na kuishi kwa kumtazama mwenzake usoni. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika, Felis lybica, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulilithibitisha hilo. Paka-mwitu huyo bado yupo, hata Serengeti. Huwinda peke yake, gizani, windo dogo la kumtosha yeye tu. Hana mkubwa wa kumwamuru wala kundi la kulifuata. Na kwa udogo wake, yeye naye huliwa na wakubwa. Paka wako ana roho ya mwindaji na roho ya anayewindwa kwa pamoja, na ukimwona anafanya jambo usilolielewa, jiulize kwanza ni ipi kati ya hizo mbili inayosema.

"Namwita, ananitazama, halafu haji"

Amekusikia. Mwaka 2019 watafiti wa Japani walichapisha majaribio ambayo paka walisomewa maneno manne ya kawaida yanayokaribiana na jina lao kwa urefu, kisha jina lenyewe. Wengi wao walipofikia jina waligeuza kichwa au kusogeza masikio, hata pale aliyelitamka alipokuwa mtu wasiyemjua. Kwa hiyo kulijua jina wanalijua. Wasichokuwa nacho ni ile desturi ya kundi, kwamba ukiitwa lazima uende.

Chanzo cha pili tunakitengeneza wenyewe: tunamwita paka ili tumwogeshe, tumpe dawa ya minyoo au tumtoe chumbani. Baada ya mara tatu jina limeshakuwa onyo.

Litaje jina lake wakati wa chakula tu, mara moja au mbili, kwa sauti ya chini. Ukitaka kumpa dawa, mfuate alipo, usimwite. Na akiwa anakutazama kutoka mbali, usimkazie macho, kwa sababu kwa paka kukodolewa ni kutishwa. Fumba macho polepole, yaache hivyo kidogo, kisha fumbua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha mwaka 2020 kwamba paka huelekea kurudisha ufumbaji huo, na huwa tayari zaidi kumsogelea hata mgeni anayeufanya. Mimi nilijaribu nikiwa nimekaa sakafuni, Chausiku yuko juu ya kabati. Alifumba. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kwamba kumbe tunazungumza.

"Anatikisa mkia, nikimsogelea ananiparura"

Hili ndilo kosa kubwa la watu wa mbwa, na nalieleza kwa urefu kwa sababu limeharibu mapenzi mengi kabla hayajaanza.

Kwa mbwa, mkia unaopigwa huku na huku mara nyingi ni furaha, au walau ni hamu ya kukutana nawe. Kwa paka, mkia unaopigapiga sakafu au unaochapa hewani kwa nguvu ni uchovu wa subira. Anakwambia: basi. Ukiendelea kumpapasa, atageuza masikio kuelekea nyuma. Ukiendelea tena, ngozi ya mgongo itacheza kama vile kuna nzi ametua. Ukiendelea bado, atakupiga. Watu husema paka huparura ghafla, na mimi nilisema hivyo, mpaka nilipoanza kuhesabu. Chausiku alikuwa akinionya mara tatu au nne kila siku kabla ya kutoa kucha. Nilikuwa siyaoni kwa sababu nilikuwa natazama uso, na yeye alikuwa anasema kwa mkia na masikio.

Mkia wa kuutafuta ni ule uliosimama wima, ncha yake imejikunja kidogo kama mpini wa bakora. Hiyo ni salamu. Paka akija kwako na mkia huo, amekuja kwa amani. Mkia uliovimba manyoya yakasimama ni hofu, na mkia uliofichwa chini ya mwili ni hofu pia. Ncha peke yake ikichezacheza, mwili umetulia, huyo anawaza jambo, labda anamsikiliza mjusi ukutani. Mwache.

Halafu kuna mahali pa kumgusa. Mbwa wengi hufurahia kupigwapigwa ubavuni na kusuguliwa mwili mzima. Paka wengi hupenda mashavu, kidevu na nafasi iliyo kati ya jicho na sikio, kwa sababu hapo ndipo kuna tezi za harufu, na wewe ukipasugua ni kama unamsaidia kuandika jina lake mkononi mwako. Mgongo wengine wanakubali. Shina la mkia, miguu na tumbo, epuka mpaka umjue.

Na kipimo. Nyoosha kidole kimoja, kiwe usawa wa pua yake, usimfikie, acha yeye amalize safari. Akikisugua kwa shavu, mkune mara tatu, kisha ondoa mkono. Akiufuata mkono, endelea. Asipoufuata, amekushukuru na imetosha. Mama mkwe aliniambia maneno hayo kwa ufupi zaidi, siku aliponiona nimemshika Chausiku kwa nguvu mapajani: "Mwache, mwanangu. Akikutaka atakuja."

"Kalala chali, nimemshika tumbo, kaning'ata"

Wahenga walisema paka hakubali kulala chali, lakini ukimwona amelala hivyo mbele yako ujue umepewa heshima kubwa: amekuonyesha sehemu laini kuliko zote mwilini mwake. Amekuonyesha, hajakuomba uishike. Mkono ukitua tumboni, miguu yote minne hukunjika na kuukamata bila yeye kupanga, kwa kuwa ndivyo mwili wake ulivyoumbwa kujiokoa. Mkono ukishanaswa usiuvute, maana kuvuta ndiko kunakochana ngozi. Tulia, ulegeze, atauachia.

Jeraha la jino la paka lioshe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha uende kituo cha afya. Tundu lake ni dogo juu lakini refu ndani, na huota usaha upesi. Kichaa cha mbwa nacho, pamoja na jina lake, paka hukipata na hukiambukiza. Paka naye achanjwe, kama unavyomchanja mbwa.

"Hana shukrani. Nikirudi kazini hata hainuki"

Popi akisikia geti hukimbia, hulia, huzunguka mara tano. Chausiku alikuwa akifungua jicho moja. Nilijua maana yake, au nilidhani najua.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, walichukua jaribio linalotumiwa kwa watoto wachanga na mbwa wakalifanya kwa paka. Mwenye paka anaingia naye katika chumba kigeni, anamwacha peke yake dakika mbili, kisha anarudi. Takriban theluthi mbili ya paka walitulia aliporudi, wakamsalimu, kisha wakaendelea kukichunguza chumba, wakijua mtu wao yupo. Hiyo ndiyo alama ya kiumbe aliyeshikamana na mlezi wake na anayemwamini. Paka anayefungua jicho moja na kulala tena huenda anakwambia kuwa sasa umerudi, analala vizuri.

Kule Pangani nilijifunza kulitazama hili kwa namna nyingine. Katika Sunan Abi Dawud na kwa Tirmidhi imepokewa habari ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliyeinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe. Aliyekuwa akimmiminia maji akastaajabu. Abu Qatada akamweleza kwamba Mtume alisema paka si najisi, yeye ni katika wale wanaowazungukeni. Baba mkwe alinisimulia hayo barazani, huku paka watatu wakipita katikati yetu. Neno hilo, *wanaowazungukeni*, limenikaa. Mbwa hukujia moja kwa moja. Paka hukuzunguka. Akilala chumba ulichomo ingawa vyumba vingine vina baridi nzuri zaidi, amekuja kuwa nawe. Akipita akakugusa shavu la mguu kwa ubavu na kuendelea na safari, amekusalimu. Akikaa amekupa mgongo, amekuamini ulinde upande asiouona. Anza kuhesabu mizunguko hiyo kwa siku moja tu, na uone kama bado utasema hakujali.

Kuhusu ule mvumo wa kooni, ambao wengi tunauita kukoroma: mara nyingi ni raha. Lakini paka mwenye maumivu, au anayekaribia kufa, naye huvuma. Usiutumie peke yake kuamua kuwa mnyama ni mzima.

"Anakojoa kitandani"

Hapa usianze na tabia. Anza na ugonjwa.

Paka dume anayeingia kwenye beseni lake la mchanga wa choo mara kwa mara, anajikamua, analia, na hatoi kitu au anatoa matone, huenda njia ya mkojo imeziba. Huyo ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, usiku au mchana, kwa sababu anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mbwa wetu hawakutuzoesha dharura ya namna hii, na paka wengi wamekufa wenye nyumba wakidhani ni kuvimbiwa. Paka yeyote, dume au jike, aliyeanza ghafla kukojoa pasipo pake apimwe kwanza.

Ugonjwa ukishaondolewa, chanzo mara nyingi ni choo chenyewe. Beseni ni dogo; anataka liwe na urefu wa mwili wake mara moja na nusu. Limewekwa karibu na bakuli la chakula, au kwenye njia ambayo mbwa humvizia akitoka. Halijazolewa siku tatu. Mchanga una harufu ya dawa ya kusafishia. Wanaofuga paka wengi ndani hutumia hesabu ya beseni moja kwa kila paka, na moja zaidi. Mchanga safi wa ujenzi uliochekechwa unafaa kabisa, si lazima ununue wa dukani. Zoa kila siku, na ikiwa nyumbani kuna mjamzito, mtu mwingine ndiye azoe: vimelea vya toksoplazma vinavyotoka na kinyesi cha paka huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, ndiyo maana kuzoa kila siku kunakinga nyumba nzima.

Ukiona mkojo uko ukutani, umerushwa kwa kusimama na mkia ukitetemeka, hilo si suala la choo. Anaweka mpaka. Kumhasi dume hupunguza sana jambo hilo, na huondoa ile mikesha ya kupigana juu ya bati.

Usimpake pua kwenye mkojo wake. Nilifundishwa hivyo kwa mbwa tangu mtoto, na hata kwa mbwa ni makosa. Paka hataunganisha adhabu na kitanda. Ataiunganisha na wewe, kisha atatafuta mahali pa siri zaidi pa kukojoa.

"Kochi limechanika"

Anakwaruza ili avue maganda ya kucha yaliyozeeka, anyooshe mgongo na mabega, na aache harufu ya vidole vyake pamoja na alama ya kuonekana kwa macho. Hataacha. Unachoweza ni kumpa mahali bora kuliko kochi.

Kwa hili sisi wa Tanga tumebarikiwa. Kitu ambacho Ulaya wanakinunua kwa bei kubwa ili kuwafurahisha paka ni katani, na katani ni zao la mkoa huu tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche yake mwaka 1893. Nilichukua kipande cha mti mnene, kirefu kiasi cha sentimita 90 ili anyooke wote, nikakizungushia kamba ya katani kwa kubana, nikakipigilia kwenye ubao mzito kisitikisike. Kikitikisika mara moja, hatakirudia. Kisha nikakiweka mbele ya kona ile ile ya kochi aliyokuwa akiichana. Wengi hukosea hapa, hukificha stoo. Alama ya paka huwekwa mahali ambapo watu hupita. Alipokwishazoea, nilikisogeza kidogo kidogo, kiganja kimoja kwa siku.

"Ananiamsha saa kumi na moja alfajiri"

Windo la asili la paka huamka macheo na machweo, naye huamka nalo. Hulala saa 12 hadi 16 kwa siku, kwa vipande. Ukiinuka kumpa chakula ili anyamaze, umemfundisha kwamba kulia kunalipa.

Kabla hujalala, cheza naye dakika kumi. Fimbo, uzi, na unyoya wa kuku mwishoni. Mwache avizie, arukie, akamate kweli. Kisha mpe chakula. Atakula, atajilamba, atalala, kwa sababu huo ndio mfululizo wa uwindaji wake. Alfajiri usiinuke hata akilia. Kwetu wiki mbili zilitosha, ingawa wiki ya kwanza alilia zaidi kuliko mwanzo. Uzi ufungie kabatini ukimaliza, maana akiumeza unaweza kumkata utumbo.

"Nawalisha pamoja, na dawa nawapa sawa"

Acha leo.

Mbwa anaweza kuishi kwa mchanganyiko: ugali, mboga, nyama kidogo. Paka hawezi. Ni mla nyama hasa, na mwili wake hautengenezi taurini ya kutosha, kiungo kinachopatikana kwenye nyama na samaki. Akiikosa kwa miezi, macho huharibika mpaka upofu, na moyo hutanuka na kudhoofika. Daktari Mmarekani Paul Pion na wenzake walionyesha uhusiano huo wa moyo mwaka 1987, na tangu hapo chakula cha paka cha viwandani huongezwa taurini. Cha mbwa mara nyingi hakiongezwi. Utamu wenyewe paka hausikii. Jeni inayojenga kipokezi cha utamu ulimini mwake ni mbovu, na hilo lilijulikana mwaka 2005. Kwa hiyo ugali wako wenye mchuzi, akiula, anaufuata mchuzi.

Dagaa wasio na chumvi, moyo na firigisi za kuku, samaki aliyechemshwa na kutolewa miiba vinamfaa kama sehemu ya mlo. Lakini kumlisha kwa vyakula vya nyumbani peke yake kunahitaji ushauri wa daktari wa mifugo. Maziwa ya ng'ombe, ambayo sote tulikua tukiyaona kuwa haki ya paka, huwaharisha paka wengi wakubwa. Maji yanamtosha, tena yawekwe mbali kidogo na chakula.

Sasa dawa, na hapa naomba usome mara mbili. Dawa ya viroboto na kupe ya kumdondoshea mbwa mgongoni, ile yenye permethrini, inaua paka. Hata kujilaza ubavuni kwa mbwa aliyetoka kupakwa kunaweza kumtia mitetemeko na degedege. Paracetamol, hata nusu kidonge, inaua paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja kama letu. Maua ya yungiyungi ya vasi, majani, maua na hata chavua yake, huua figo za paka. Muuzaji wa dukani akikwambia "ya mbwa na paka ni ile ile, punguza tu kipimo", rudisha chupa mezani na umtafute daktari.

"Mbwa anamkimbiza"

Usiwakutanishe uso kwa uso siku ya kwanza. Mimi nilifanya hivyo, nikimshika Popi mkanda na kusema maneno ya upole, na Chausiku alikaa juu ya kabati siku mbili bila kula.

Mpe paka chumba chake, mlango umefungwa, pawe na maji, choo na mahali pa juu. Badilishana vitambaa: kilichofuta mashavu ya paka kiweke alipolala mbwa, na cha mbwa chumbani kwa paka. Walishe pande mbili za mlango ule ule uliofungwa, bakuli mbali kwanza, kisha karibu siku hadi siku. Wakila kwa utulivu, fungua upenyo wa kuonana, mbwa akiwa na kamba. Mbwa akimtazama paka kisha akakugeukia wewe, mpe kitu kitamu papo hapo. Hicho ndicho unachokitafuta, kwamba paka asiwe jambo kubwa kuliko wewe. Mbwa akiganda, mdomo umefungwa, macho hayabanduki, masikio mbele, huyo hachezi. Anawinda. Mrudishe nyuma, na hatua zirudie mwanzo.

Kwetu ilichukua wiki tano. Wengine huchukua siku nne, wengine miezi. Mbwa aliyewahi kuua kuku au paka wa jirani usimwache peke yake na paka hata baada ya mwaka. Kumpenda mbwa ni pamoja na kutomweka katika mtihani huo. Na paka siku zote awe na njia ya juu: rafu, dirisha, kabati. Paka mwenye pa kupanda hakimbii, na asiyekimbia hakimbizwi.

"Kaniletea panya kitandani"

Mzike panya, usimkaripie paka. Amerudisha windo mahali anapopaona salama kuliko pengine. Akikuletea ndege mara nyingi, ongeza muda wa kucheza na nyama katika mlo, na umfungie ndani macheo na machweo.

"Amekaa chini ya kitanda, hatoki"

Kama amefika juzi, hiyo ni siku yake ya tatu katika nchi ya kigeni. Weka chakula, kaa chumbani ukisoma kwa sauti, usimvute. Boksi lililolazwa ubavu humfaa kuliko kitanda cha kununua.

Kama yuko nyumbani miaka na leo amejificha, fikiri ugonjwa. Mbwa akiumwa hukujia. Paka hujitenga, kwa sababu porini anayeonekana mgonjwa huliwa. Paka asiyekula saa 24 aonwe na daktari, hasa akiwa mnene, kwa kuwa ini lake hujaa mafuta upesi anapokosa chakula.

"Nimefanya yote, moyo wangu bado uko kwa mbwa"

Inawezekana paka wako si wa mapajani, na wala si kosa lako. Dirisha la kumzoesha binadamu kwa kipaka huwa wazi kati ya wiki ya pili na ya saba ya maisha yake. Aliyezaliwa darini na kushikwa na mtu mara ya kwanza akiwa na miezi minne anaweza kukupenda kwa umbali wa mita moja maisha yake yote. Kama bado hujachukua paka na unajijua wewe ni mtu wa mbwa, mimi nakushauri uchukue mkubwa, wa mwaka mmoja na zaidi, ambaye mwenyewe anakuja kusugua suruali yako unapokwenda kumwona. Tabia yake imeshajitokeza. Kipaka ni bahati nasibu.

Na kama unaye tayari, jaribu hili kwa siku 14. Kila jioni kaa sakafuni dakika 20, mgongo ukutani, simu umeiweka mbali, mkono umelala wazi pembeni. Usimwite, usimshike, usimtazame sana. Mimi nilianza baada ya mama mkwe kuondoka. Siku ya tisa Chausiku alishuka kabatini, akazunguka chumba chote kwa kufuata ukuta, akanipita, akarudi, akaweka kidevu juu ya kiganja changu na kukiacha hapo. Popi alikuwa mlangoni akitazama. Vidole vyangu vilitaka kumkuna, na sikuvisogeza mpaka yeye alipoanza kujisugua.